Nimetoka Kisumu kuja kufanya kazi Kigoma, nizoee vipi?

BintiDunga

Habarini za jioni. Mimi ni Mkenya, kwetu ni Kisumu, na huu ni mwezi wa tatu tangu nifike Kigoma kikazi. Napima ubora wa dagaa na samaki wanaoitwa migebuka kabla ya kupakiwa: unyevu, mchanga, harufu, rangi. Kazi yenyewe naijua, nimeifanya miaka saba upande wa Ziwa Victoria kwa omena, dagaa wa kwetu, na mbuta, yaani sangara. Nimepanga Gungu, chumba na sebule. Kibali cha kazi na cha ukaazi vyote viko sawa, kwa hivyo swali langu si la makaratasi. Ni la maisha ya kila siku.

Nilipopata hii kazi nilidhani itakuwa rahisi kuliko kwenda Uarabuni. Lugha ni moja, ziwa ni ziwa, samaki ni samaki. Kumbe lugha hiyo hiyo ndiyo inanikwaza. Siku ya kwanza soko la Mwanga nilimwambia mama mmoja, "Nipe hiyo ya elfu tano." Akanitazama, akafunga, akanipa, akageukia mteja mwingine. Huyo mteja alisema, "Shikamoo mama, naomba ile ya elfu tatu," na mama huyo huyo akacheka naye, akamwongezea kiganja kizima. Nilisimama pale na mfuko wangu nikijiuliza nimekosea nini.

Juma lililopita mtoto wa mwenye nyumba, miaka saba hivi, alikuja mbele yangu akasema, "Shikamoo shangazi." Nikamjibu, "Poa sana." Hakuondoka. Akasema tena, "Shikamoo." Nikarudia poa. Ni mama yake aliyemwambia, "Ameitikia, nenda kacheze." Kwetu shikamoo tuliisoma shuleni, nyumbani hatuitumii.

Kodi nayo. Niliombwa ya miezi sita mkupuo. Kwetu unalipa mwezi kwa mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja. Akiba yangu yote iliishia hapo, na mwezi wa kwanza nilikula kwa kubana sana. Hilo limepita.

Lenye kunikosesha usingizi ni hili. Wiki ya tano kazini nilikuta dagaa wana mchanga. Dagaa wetu wanatakiwa waanikwe kwenye vichanja, zile meza za waya zilizoinuliwa, na mchanga maana yake kuna aliyewamwaga chini. Kikao cha asubuhi, watu kama kumi na wawili, nikasimama nikamwambia msimamizi wa vichanja, mzee wa miaka sitini hivi: "Hii kazi haikufanywa vizuri. Nataka kujua ni nani alianika chini." Kwetu tungebishana pale pale, tumalize, saa nne tunywe chai pamoja. Hapa hakuna aliyebishana. Mzee alisema, "Sawa mama, tumesikia." Dagaa hawakuanikwa chini tena. Lakini tangu siku hiyo nikiingia mahali wanapoongea, maongezi yanaisha. Wananisalimia, wananiitikia, hakuna anayenikosea heshima. Chai nakunywa peke yangu.

Jioni nateremka mpaka mahali ninapoliona ziwa, natazama jua likizama upande wa Kongo. Kisumu pia jua linazama ziwani, nimelitazama kutoka Dunga tangu utoto. Ila hapa tuko magharibi zaidi, linachelewa kama dakika ishirini, na hizo dakika ishirini ndizo ngumu kwangu. Najua kwetu giza limeshaingia, mama ameshawasha stima, ameshafunga kuku, na mimi bado nimesimama kwenye mwanga.

Wageni mliokaa Kigoma, na wenyeji pia: mlianzia wapi? Na huyu mzee nimfanyie nini? Mkataba wangu ni wa miaka miwili. Sitaki kuuhesabu siku kwa siku.

Mwanga Sokoni

Karibu Kigoma dada, mwisho wa reli. Mimi nauza nyanya na vitunguu, nitajibu ya sokoni tu.

Huku hatuanzi na kununua, tunaanza na salamu. Ukifika kwenye meza ya mtu, "habari za tangu asubuhi," subiri akujibu, akuulize na wewe za nyumbani, ndipo useme shida yako. Usiseme nipe. Nipe ni ya mtu na mdogo wake, au ya mtu anayedai chake. Naomba haikupunguzii kitu, hela yako iko pale pale. Yule mama hakukuchukia, aliona umemjia kwa amri.

Mtoto akikuamkia shikamoo, jibu lake ni marahaba, hakuna jingine. Alisimama pale kwa sababu salamu yake ilikuwa haijapokelewa. Na wewe mwamkie kila aliyekuzidi umri, hata muuza maji, hata mlinzi. Asubuhi ukisikia mtu mzima anakwambia "mwakeye", hiyo ni salamu ya Kiha, nawe mrudishie "mwakeye". Utaona uso wake unavyobadilika.

Ukipita watu wako kazini sema "poleni na kazi", hata kama huwajui. Ukikuta watu wanakula utaambiwa karibu. Kama ni la njiani, jibu "asante, endeleeni". Lakini mtu akikusogezea kigoda, kaa, hata tonge mbili.

Na chagua meza moja. Nyanya zako nunua kwa mtu mmoja, dagaa kwa mtu mmoja. Usizunguke soko zima ukitafuta pungufu ya mia mbili. Mimi mteja wangu asipoonekana siku nne nauliza majirani zake kama anaumwa.

La mzee ni zito, waje wanaojua ya kazini.

FundiBarafu

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Mimi ni wa Nakuru, huu ni mwaka wa nne niko Kigoma, fundi wa majokofu na mashine za barafu. Nilishuka stendi ya Masanga usiku na sanduku la spana, baada ya Sirari, Mwanza, Kahama, Nyakanazi, Kibondo, Kasulu. Mwenye bajaji akaniuliza naelekea wapi, sikuwa na jibu. Kwa hiyo ninayokuandikia nimeyapitia.

Makaratasi umesema yako sawa, naongeza moja. Kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24, kinaongezwa, ila si bila kikomo. Anza kushughulikia nyongeza mapema. Na kama bado, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe kwa mwenyekiti, hata kama mwajiri hakukwambia. Ukiugua usiku au ukiibiwa, huyo ndiye atakayesema "huyu ni mtu wetu".

Sasa nikwambie kitu ambacho mimi kilinichukua mwaka mzima kukiona, na wewe mtu wa samaki utakielewa upesi. Mji huu hauendi kwa wiki, unaenda kwa mwezi wa angani. Usiku wa giza wavuvi wako ziwani, taa zimewashwa, dagaa wanazifuata. Mbalamwezi ikishika, taa haina nguvu tena, dagaa wanatawanyika, watu wanapumzika kama siku kumi. Hilo unalijua, na omena ni hivyo hivyo. Ila Kisumu ni jiji, lina mambo mengine mengi ya kuliendesha, unaweza kuishi bila kuinua macho. Hapa hela ya genge, ya bodaboda, ya ada ya shule, ya fundi kama mimi, kwa sehemu kubwa inapita kwenye zile taa.

Mwaka wangu wa kwanza nilimtengenezea jokofu mtu mmoja mwenye mitumbwi miwili. Hakunilipa. Akasema, "Giza likiingia nitakupa." Nikarudi jioni ile ile, saa moja na nusu. Akanikaribisha, akanipa kahawa, hela hakuna. Nikarudi kesho yake jioni. Kahawa. Nilimfuata mara nne, kila nikienda namkuta chini ya mwembe ameshika nyavu anashona, na kila mara ananiambia neno lile lile bila kukasirika. Nikajua ni mtu wa dharau, nikaanza kumsema kwa wateja wengine. Siku ya tisa, alfajiri, simu ikalia: "Fundi, njoo mwaloni uchukue hela yako." Nilimkuta hapo ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, amelowa mpaka kiunoni, macho mekundu, hajalala. Akanihesabia noti zilizonata magamba, zote, hakupunguza hata mia. Giza lilikuwa limeingia, lile alilokuwa akilisema tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimemchafulia jina kwa watu watatu, ikabidi nizunguke kwa wote watatu kulisafisha.

Tangu hapo nina kalenda ya mwezi ukutani. Simdai mtu kwenye mbalamwezi. Kwenye giza sizimi simu, maana wanaotaka barafu hupiga saa tisa usiku. Na kabla ya kulala natoka nje, naangalia taa ziwani. Zikiwa chache, kesho sado ya dagaa, lile kopo la kupimia, itapanda bei, namwambia mke wangu anunue maharage.

Kuhusu mzee wako. Kwa mchanga hukukosea, usije ukalegeza hapo, ndiyo kazi uliyoitiwa. Ulikosea mahali pa kulisemea. Mtu wa umri ule kuambiwa "haikufanywa vizuri" mbele ya vijana anaowasimamia, na mgeni, tena aliye sawa na binti yake, hakubaki na la kusema zaidi ya "tumesikia". Na wale vijana wameacha kuongea ukiingia kwa sababu yake, si kwa sababu yako. Wanamwonea aibu yake.

Usiombe radhi kikaoni, utamrudisha pale pale. Usimwite ofisini, ofisi ni kiti chako. Usimwandikie ujumbe. Mfuate nyumbani kwake. Na usimfuate sasa, giza bado lipo, yuko vichanjani tangu alfajiri amechoka. Subiri mbalamwezi, vichanja vikiwa vitupu atakuwa nyumbani. Nenda na mtu mzima anayemheshimu, usiende mikono mitupu, sukari kilo mbili zinatosha. Mwamkie. Kaa. Ukipewa maji kunywa, ukipewa chakula kula. Usianze na lililokupeleka. Likifika wakati wake sema kwa ufupi kwamba ulisema mbele za watu jambo la kusemea pembeni. Usieleze Kenya mnafanyaje. Mimi nilieleza hayo kwa msaidizi wangu niliyemfokea, nikaona ninavyozidi kuharibu.

La mwisho. Tuko Wakenya wachache hapa, tuna kundi la simu, nitakuingiza ukitaka. Ila mwaka wangu wa kwanza niliishi humo. Kila jioni siasa za nyumbani, bei za nyumbani, nani amezikwa nyumbani. Mwili uko Gungu, masikio yako Nakuru. Siku hizi naingia Jumapili tu. Siku nyingine, timu ya mpira ya Mashujaa ikicheza uwanja wa Lake Tanganyika, naenda na majirani.

Mgeni kutoka Moshi

Fundi umesema vizuri, ila mimi sikubaliani na kwenda na mtu. Mimi ni Mtanzania na Kigoma nilifika nikiwa mgeni vile vile, nimefundisha hapa miaka sita. Ukienda kwa mzee na shahidi, jambo linageuka kesi. Atajiuliza huyo wa pili amekuja kusikiliza nini. Aende peke yake, wamalizane wawili.

FundiBarafu

Mwalimu, ungekuwa wewe au mimi ningekubali. Huyu ni mwanamke, kijana, mgeni, anaingia nyumba ya mwanamume asiyejuana na familia yake. Aende na mwanamke mtu mzima, mke wa mzee awepo. Huyo wa pili si shahidi, ni mlango.

Mgeni kutoka Moshi

Hapo sawa. Sikufikiria upande wa mke.

Mama wa Kitongoni

Binti, shikamoo za watu hao wote naziitikia, marahaba. Mimi niko Ujiji, nimezaliwa hapa, bibi yangu alitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Wengi wetu Ujiji tuna ng'ambo hiyo, kwa hiyo ugeni tunaujua kutoka kwa wazee wetu.

Wamekufundisha kusema, hawajakufundisha kula. Umeandika ulikula kwa kubana, hukuandika unakula nini. Nahisi unahangaika na ugali wa mahindi na sukuma kama kwenu. Sikukatazi. Lakini jifunze ugali wa muhogo, maana ndio utakaouona kwenye kila sinia utakaloitiwa, na mwenyeji anatazama unavyoula. Hausongwi kama wa mahindi. Maji yachemke sawasawa, unga uingie mwingi kwa pamoja, kisha songa kwa nguvu na haraka mpaka uwe laini, unavutika, hauna mabuje. Ukiuchelewesha utakuzidi nguvu. Tonge lake unalilainisha kwenye mchuzi, hulitafuni sana.

Mboga yake mgebuka. Na mboga huku ni chochote cha kulia ugali, hata nyama, usije ukaambiwa "leo mboga ni mgebuka" ukasubiri majani. Mgebuka mbichi mwoshe kwa ndimu, umkate vipande vitatu. Nyanya, kitunguu, chumvi, pilipili moja nzima usiipasue. Mawese weka kidogo kwanza, mgeni tumbo lake halijayazoea, wiki ya tatu utaongeza mwenyewe. Usimgeuzegeuze, tikisa sufuria. Kisamvu nacho kikitwangwa vizuri kikapata mawese, watoto wangu wanaacha nyama.

La pili, msiba. Mtaani kwako akifiwa mtu, hata humjui, nenda. Jifunge kitenge, kaa chini na wanawake, toa mchango wako hata uwe mdogo, menya vitunguu, osha vyombo. Usiulize kama umealikwa, msibani hakuna kualikwa. Mgeni anaweza kukaa mtaa mmoja miaka mitatu akaitwa "yule Mkenya". Siku akionekana jikoni msibani, anapata jina.

La tatu, hapo kazini kwenu lazima yuko mama anayewapikia. Huyo ndiye mlango anaousema fundi. Anajua mke wa mzee anaitwa nani, mtoto gani anaumwa, na siku gani mzee hapendi kuongea. Anza kula kwake, saa za watu wengi, usibebe chakula ukale ofisini.

BintiDunga

Nimerudi. Zimepita wiki tatu kasoro, nilitaka kwanza nifanye ndipo niandike.

Mama wa Kitongoni, mama lishe wetu ndiye aliyenipeleka. Nilianza kula kwake siku iliyofuata baada ya kukusoma. Siku ya kwanza nilikaa mwisho wa benchi. Siku ya nne aliniomba nimshikie sufuria akichuja wali, na hapo nikamweleza. Akasema alikuwa akisubiri niseme, kwa sababu mke wa mzee alishamuuliza, "Huyo binti wa Kenya ana wazazi?" Sikujua nijibu nini. Nilienda kukaa nyuma ya stoo kidogo.

Fundi, nilisubiri mbalamwezi kama ulivyosema. Jumamosi, saa kumi jioni, vichanja vyote vitupu, waya peke yake. Nilibeba sukari kilo mbili na mche wa sabuni. Mzee alikuwa uani anatengeneza mguu wa kigoda. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea na msumari wake. Tulikaa ndani na mke wake karibu saa nzima. Mgebuka, ugali wa muhogo. Nilikula na mkono wangu ukitetemeka, lakini nilijua kulilainisha tonge.

Baadaye mzee aliingia akanawa, akakaa. Hakugusa habari ya kikao. Aliniuliza omena wanavuliwaje kwetu. Nikamwambia kwa taa, usiku wa giza, kama hapa, na kwamba kwetu serikali hufunga uvuvi wa omena kila mwaka kuanzia Aprili ili wazaliane. Akasema huku ziwa lilifungwa mara ya kwanza mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa miezi hiyo mitatu alifyatua matofali, na mke wake akauza vitenge vyake viwili vya akiba. Aliongea polepole, akiangalia mikono yake. Akaniuliza tunapimia nini, nikasema gorogoro, nikamwonyesha ukubwa wake kwa viganja. Akasema, "Basi sado yetu ni kubwa."

Hapo nikaona ndipo. Nikasema, "Mzee, siku ile nilisema mbele ya vijana neno la kukwambia pembeni. Nisamehe." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi zaidi, nikayaacha. Akanyamaza, halafu akasema, "Mchanga ule ulikuwepo." Kisha akaniambia mvua ilinyesha ghafla mchana ule, vijana wawili walikimbia kukusanya, kichanja kimoja kikavunjika mguu, dagaa wakamwagika, wakawazoa wakawarudisha juu bila kumwambia. Alikuwa ameshawasema jioni yake. Laiti ningemuuliza yeye kwanza, ningeandika kwenye ripoti kwamba miguu ya vichanja imeoza, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe. Jumatatu tuliikagua pamoja, tukakuta kumi na moja ya kubadilisha. Nimeombea mbao, zimekuja nane, tatu bado nazifuatilia.

Kazini sijui niseme pamekuwaje. Jana kijana mmoja alikuja na kikombe akaniwekea mezani bila neno, chai ya maziwa. Sikuwahi kuwaambia kwamba ya rangi inanishinda. Lazima ni mama lishe.

Mtoto wa mwenye nyumba namwitikia marahaba. Siku hizi ananiamkia kila anaponiona, hata mara tano kwa siku, na mara zote tano naitikia.

Mwalimu wa Moshi, asante pia. Fundi, niingize kwenye kundi, nami nitaingia Jumapili.

Usiku wa leo giza linaanza. Mzee amesema niwe mwaloni saa kumi na moja alfajiri nione dagaa wanavyoshuka, nisiwe nawaona wakiwa tayari vichanjani tu. Viatu vya mvua nimeazima kwa jirani. Nimetoka nje sasa hivi kuangalia, taa nimehesabu hadi arobaini na kitu nikapotea, zinasogea. Wacha nilale.